Nani Atakushikia Begi? Dhana Potofu Kuhusu Kusafiri Peke Yako

Ukisema Jumamosi unapanda kosta Arusha kwenda Moshi, uunganishe mpaka Marangu, ulale huko siku mbili, na huendi msibani, harusini wala kikazi, swali la kwanza ni "na nani?" Ukijibu "peke yangu", la pili linafuata kabla hujameza mate: "Kwani mmegombana?" Baada ya hapo maonyo yanamwagika. Utaibiwa. Utapotea. Utaugua na hakuna wa kukuangalia. Gesti watakufikiria vibaya. Na hakosekani wa kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu.

La Wazungu tulimalize haraka. Mama anayeshusha mikungu ya ndizi kutoka Rombo mpaka soko la Kilombero jijini Arusha husafiri peke yake, na mwanafunzi wa bweni hupandishwa basi peke yake tangu kidato cha kwanza. Hao hakuna anayewauliza wamegombana na nani. Kinachowashangaza watu ni safari isiyo na shughuli, wala si mtu kuwa peke yake kwenye siti.

Maonyo mengine yana ukweli, ila yameelekezwa pasipo. Mwenzako wa safari ana kazi zake, hata kama hamkuwahi kuzigawana kwa mdomo. Anakushikia begi ukienda chooni. Anamwambia konda "subiri, kuna mtu hajarudi". Anakuona unapoanza kuyumba. Anachangia bei ya gari. Ukisafiri mwenyewe kazi hizo zinabaki bila mtu, na kila moja ina namna yake ya kuzibwa. Onyo lisilogusa kazi yoyote kati ya hizo ni maneno ya barazani tu.

"Njiani ni hatari"

Njiani umekaa kwenye siti yenye namba, umezungukwa na abiria hamsini. Hatari kubwa ya pale ni mwendo kasi, na basi likipinduka halitajali kama ulikuwa peke yako au na ukoo mzima. Funga mkanda, na kumbuka kikomo cha basi ni kilomita 80 kwa saa. Wizi na utapeli hukaa kwingine: dakika chache za kupanda, dakika chache za kushuka, na kila mahali unapolazimika kuliacha begi.

Kwa hiyo gawa mzigo mara mbili. Begi dogo ni la mwilini: kitambulisho, simu, chaja, dawa, pesa, na fulana moja safi. Hilo haliendi kwenye keria wala chini ya siti. Linakaa mapajani, na chooni unaingia nalo umelivaa kwa mbele. Begi kubwa linakwenda kwenye buti, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanamkabidhi konda, wanapanda, wanasinzia. Basi la kutoka Arusha kwenda Dar linasimama Moshi, Himo, Same na kwingineko, na kila likisimama buti linafunguliwa. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo basi hushushia upande huo. Omba begi lako liwekwe buti la kushoto, nawe kata siti ya dirishani kushoto. Buti likifunguliwa unainamia kioo, unaangalia kinachotoka. Dai stika ya mzigo yenye namba, na kabla begi halijaingia lipige picha likiwa kwenye mlango wa buti. Mabegi meusi yenye magurudumu yanafanana mno. Funga kitambaa chekundu kwenye mkono wa begi, mtu asilichukue hata kwa bahati mbaya.

Upande wa kushoto una faida nyingine. Kutoka Arusha kwenda Moshi, Kilimanjaro iko kushoto, na baadaye Upare na Usambara ziko kushoto pia. Ubaya wake ni jua la asubuhi, basi chukua kanga au kofia.

Kwenye mapumziko ya chakula, au mkisimama kuchimba dawa, usishuke kimyakimya. Mgeukie jirani: "Dada, nashuka mara moja, nikichelewa nisemee." Sentensi hiyo moja imeshakuajiria mtu. Konda mara nyingi hahesabu vichwa, anauliza tu kwa sauti "tumetimia?", na kama hakuna wa kukusemea, mmetimia. Piga picha namba ya basi kabla hujaliacha, kwa sababu pale Korogwe au Mombo unaweza kukuta mabasi matatu ya kampuni moja yamepangana, rangi ileile.

Na chakula cha kupewa? Hapa onyo la wazee ni sahihi kabisa, watu huwekewa dawa kwenye biskuti na juisi. Ugumu wake ni adabu, maana kwetu kukataa chakula ni kama kumtukana mtu. Weka jibu tayari: "Nashukuru sana mama, tumbo limenichafuka tangu asubuhi." Hakuna atakayekubembeleza zaidi ya mara mbili. Anayefika mara ya nne, hama siti.

Saa na tiketi

Tiketi za mtandao huandikwa kwa saa 24. Basi la 06:00 linaondoka saa 12 asubuhi, na la 12:00 linaondoka saa 6 mchana. Inaonekana ni jambo la wazi mpaka umwone mtu amefika stendi na begi lake, ametulia, kumbe basi liliondoka kabla hajaamka. Mkiwa wawili mmoja hushtuka. Ukiwa peke yako, andika muda kwa maneno kwenye simu: "saa kumi na mbili asubuhi, kuripoti saa kumi na moja na nusu".

Tiketi ikatwe ofisini au mtandaoni, isikatwe mikononi mwa mpiga debe. Iwe na jina lako kamili, namba ya simu, namba ya siti na namba ya gari. Watu huandika "Mama Junior" wakacheka. Siku ya ajali orodha ya abiria ndiyo inayosema nani alikuwa ndani, na wewe huna mwenzako wa kusema.

Nauli nayo si siri. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, hupanga kiwango cha juu kwa kilomita. Kile kilichoanza kutumika Desemba 2023 kwa daraja la kawaida kilikuwa shilingi 48.47. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, zidisha, unapata karibu shilingi 3,900. Ukitajiwa elfu saba kwenye kosta ya kawaida, unajua cha kujibu. Angalia jedwali lao la sasa kabla ya kutoka.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku. Ni nafuu kwa anayewahi kazini, lakini kwa anayesafiri peke yake swali la maana ni utafika saa ngapi. Basi likikushusha Arusha saa 9 usiku, usitoke kutafuta gesti. Kaa ofisini kwa kampuni ya basi, pale penye taa na mlinzi, mpaka pakuche. Huku jua huchomoza karibu saa 12 na nusu. Uliza mapema kama ofisi hiyo hubaki wazi usiku na kama basi huishia stendi kuu au kwenye yadi ya kampuni. Kama hufungwa usiku, chagua basi la saa nyingine. Dereva wa bodaboda anayekuja kukusaidia begi kabla hujamwita, mwache apite.

"Usiongee na mtu yeyote"

Ushauri huu una madhara kuliko faida. Anayesafiri peke yake anahitaji kuongea kuliko wote. Kinachotakiwa ni kuchagua. Kanuni ni rahisi: uliza aliyekaa, usimuulize aliyekufuata. Mwenye kibanda cha vocha, mama ntilie, muuza dawa, mlinzi wa benki, hao kesho wapo palepale na hawawezi kukutapeli halafu wahame. Anayekukimbilia mlangoni mwa basi akisema "bosi, Marangu hii hapa, imejaa inaondoka" anataka kamisheni yake. Utaingia, utakuta watu wanne, na gari litaondoka baada ya saa nzima. Chungulia ndani kwanza. Ukikuta siti iliyobaki ni ya kukunja mlangoni, ujue utasimama kila abiria anaposhuka, na begi lako la mapajani litakuwa miguuni mwa watu.

Uliza watu wawili, tena kwa nyakati tofauti. Na usiulize "hili linaenda KIA?", yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa sababu jibu litakuwa ndiyo. Uliza "KIA linanishusha wapi hasa?" Kosta za barabara kuu zinakuacha njia panda, na kutoka hapo hadi uwanjani ni kama kilomita sita, mwenye ndege anapaswa kulijua hilo akiwa bado Arusha.

Gesti

Wanawake huonywa sana kuhusu gesti, na wanaume hudhani hayawahusu. Tuanze na dada. Pale mapokezi utaulizwa: "Dada, uko peke yako au unamsubiri mtu?" Mara nyingi mhudumu anauliza kwa sababu ya bei au kitabu, lakini nyuma yako kuna watu kwenye kochi wanasikiliza. Jibu kwa sauti ya kawaida: "Kaka yangu anafika baadaye." Kama huna kaka, leo unaye. Sioni dhambi hapo.

Usilipe kabla ya kuona chumba, na ukikiona usianze na kitanda. Funga mlango ukiwa ndani. Zungusha ufunguo. Angalia kama kuna komeo, na kama skrubu za komeo zimekaza kwenye mbao au zinacheza. Sukuma dirisha, tazama nondo. Uliza nani ana ufunguo wa akiba. Usiku acha ufunguo kwenye kitasa ukiwa umezungushwa nusu; kwa vitasa vingi vya kawaida, ufunguo mwingine hauwezi kuingia kutoka nje. Kama mlango unafunguka kwa ndani, egemeza kiti chini ya mkono wa kitasa. Chumba cha karibu na mapokezi kina kelele, ila ndicho kizuri. Cha mwisho kabisa karibu na geti la nyuma, kiache. Na kama kuna baa chini, uliza inafungwa saa ngapi kabla hujasifia bei.

Kitabu cha wageni lazima ujaze: jina, utokako, uendako, namba ya simu. Kasoro ni kwamba kinalala wazi juu ya kaunta, na anayefuata anasoma namba yako pamoja na namba ya chumba. Jaza, kifunge, mkabidhi mhudumu mkononi. Kama ametangaza namba ya chumba mbele ya watu, omba kubadilishiwa.

Kaka naye ana lake. Mwanaume mgeni anayezunguka vijijini peke yake, simu mkononi akipiga picha mifereji na nyumba, hutiliwa shaka upesi. Ukilala kwa mtu huko Marangu, Machame au Kibosho, mwenyeji wako akupeleke kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji siku ileile. Ni salamu ya dakika tano, na baada ya hapo ukipotea njia, kijiji kizima kinajua mgeni wa nani kapotea.

Siku ya kuondoka, gesti nyingi hutaka chumba saa 4 asubuhi na basi lako ni saa 9 mchana. Hapa ndipo begi linakuwa adui. Omba kuliacha mapokezi, au kwenye ofisi ya basi ulikokata tiketi ya kurudi, ukiwa na karatasi yenye jina na saa. Usiliache kwa muuza maji, hata kama ana sura ya huruma.

"Ukiwa peke yako unatumia kidogo"

Kwa nauli na chakula unatumia sawasawa na mtu yeyote. Kwa chumba unalipia chumba chote, kwa sababu bei ni ya chumba. Kwa gari ndiko kuna kilio. Kushuka Kreta ya Ngorongoro kunadai gari la four-wheel, na ada ya kushuka hulipwa kwa gari, si kwa kichwa. Tuseme gari na mafuta ni shilingi 600,000: mkiwa sita kila mtu anatoa 100,000, ukiwa peke yako unazibeba zote. Kupanda gari la abiria mpaka Karatu hakusaidii kitu, maana utafika na bado huna gari la kushukia.

Dawa yake ni kujiunga na kundi. Arusha kuna safari za wazawa wikiendi na sikukuu, hasa Pasaka, Sabasaba na Nanenane. Kabla hujatuma hata shilingi, omba leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, na angalia jina linalotokea unapolipa: liwe la kampuni, lisiwe la mtu. Uliza kwa maandishi kama bei ina kiingilio cha hifadhi, chakula na maji, na kitatokea nini kundi lisipotimia. Beba kitambulisho cha NIDA. Getini ndicho kinachokupa bei ya Mtanzania, na "nimekisahau nyumbani" haikubaliki.

Sehemu ndogo hazihitaji kundi. Ziwa Duluti pale Tengeru ni daladala tu. Chemka unashukia Boma Ng'ombe, unachukua bodaboda kupitia Rundugai. Patana bei ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri, lipa nusu, nyingine mkirudi. Huko ndani hutapata pikipiki kwa urahisi jioni. Na kumbuka ile kazi ya kwanza: ukiingia majini nani anashika simu? Nunua kifuko cha plastiki kisichoingiza maji, simu na pesa vikae shingoni mwako. Kama hujui kuogelea, baki pembeni. Kina hakionekani kwa jinsi maji yalivyo maangavu.

Mlimani hakuna peke yako

Wapo wanaodhani mwenye pumzi za kutosha anaweza kupanda Kilimanjaro mwenyewe na begi lake. Kanuni za hifadhi zinadai mwongozaji mwenye leseni, hivyo hata ukilipia safari ya mtu mmoja utakuwa na mwongozaji, mpishi na wapagazi. Mlima Meru, wenye mita 4,562, unapandwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo, na mara nyingi wapandaji wa siku hiyo huunganishwa chini ya askari mmoja.

Sababu ya maana zaidi ni hewa. Ugonjwa wa mwinuko huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Ukizidi, mtu anayumba kama mlevi na anaanza kubisha kwamba yuko sawa. Huyo hawezi kujipima mwenyewe, kwa sababu kinachoathirika ndicho kile anachopimia. Mwongozaji akisema shuka, unashuka. Usinywe dawa ya maumivu ukaendelea kupanda kwa kuwa kichwa kimetulia.

Anayetaka ladha tu achukue matembezi ya siku moja kutoka geti la Marangu hadi Mandara, mita 2,720. Kosta kutoka Moshi inakushusha Marangu Mtoni, kisha bodaboda mpaka getini. Panda ukiwa umefika mapema. Kwenda ni kama saa tatu, na msitu huo unalowesha hata siku ambayo Moshi mjini kuna joto. Koti la mvua si hiari.

Ndugu, pesa na ujumbe mmoja

"Una shangazi Moshi, hutapata shida." Shangazi ni baraka, ila ratiba yako imekwisha. Utanunua mkate, sukari na sabuni, utapelekwa kusalimia nyumba nne, na maporomoko ya Materuni utayasikia redioni. Kama unamtaka awe msaada na si ratiba, mpe namba yako, mwambie uko mjini, na umtembelee siku ya mwisho.

Pesa usiiweke yote kwenye simu. Mtandao hukata, na wakala wa kijijini huishiwa floti jioni. Tenga taslimu inayotosha nauli ya kurudi, usiku mmoja wa gesti na mlo mmoja, uikunje mbali na pochi, usiiguse. Toa pesa mchana, dukani ndani, si pembeni ya stendi ukiwa na begi mgongoni.

Kisha chagua mtu mmoja, si kundi la familia, umtumie ujumbe kila unapohama: namba ya basi na siti, halafu jina la gesti na chumba. Kubalianeni saa ya simu, tuseme saa 2 usiku, na kubalianeni pia atafanya nini asipokupata: apige mapokezi ya gesti, kisha ofisi ya basi, kisha 112. Bila hiyo sehemu ya pili atakesha tu akilia. Namba yake iandike kwenye karatasi ndani ya begi dogo, simu ikizima karatasi haizimi. Picha za status zisubiri mpaka umeshaondoka mahali hapo.

Anayepanga safari ya Desemba ahesabu tofauti. Kuanzia katikati ya mwezi, siti za kutoka Dar kuja Moshi na Arusha hugombewa kwa sababu watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na baada ya mwaka mpya foleni inageuka kuelekea Dar. Mwenye kwenda kinyume na umati anapata siti bila shida. Mwenye kwenda nao akate tiketi zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, kabla Desemba haijaingia.